Mziki wa gemu una kazi, wa muvi nyingi umebaki pambo

Chukua mtu yeyote aliyewahi kushika pedi ya gemu, mwanzishie kidogo tu ule wimbo wa Super Mario Bros., atakumalizia mwenyewe na mdundo juu. Halafu huyohuyo muulize akuimbie mziki wa muvi yoyote ya mashujaa aliyoiangalia miaka hii ya karibuni, zile zinazojaza majumba ya sinema. Steringi atakutajia, adui atakutajia, mapigano atakusimulia ngumi kwa ngumi, ila mziki hana, labda ang'ang'anie kile kipande cha Avengers na akitoka hapo hana kingine. Na hizo muvi zina okestra nzima, zina hela ya kufa mtu, zina watunzi wenye majina. Mario ilitoka 1985 kwenye kimashine ambacho sauti zake zote zilikua za kuungaunga.

Mi mziki wa gemu nausikiliza hata nikiwa sichezi, natembea nao masikioni, na mziki wa muvi naupenda vilevile, kwahiyo hapa siongei kama shabiki wa upande mmoja. Ninachokiona ni kwamba mziki wa gemu una kazi, yaani ukiutoa mchezaji anapungukiwa na kitu anachokihitaji ili acheze. Mziki wa muvi nyingi kubwa za sasa umenyang'anywa kazi, umewekwa pale ili pasiwe kimya tu, na mziki usio na kazi hata autunge fundi gani utausahau kabla hujafika mlangoni.

Angalia Space Invaders ya 1978, ile ya Tomohiro Nishikado wa Taito. Mziki wake wote ni noti nne nzito zinashuka, zinarudia, zinashuka tena, basi, hakuna kingine. Kadri unavyowapunguza wale wavamizi ndo waliobaki wanazidi kukimbia, na hii ilitokana na mashine yenyewe, chipu ilikua inaelemewa kuwachora wote kwa pamoja, wakipungua inapata nafuu inawakimbiza, Nishikado akaona inanoga akaiacha hivyohivyo. Na noti nazo zinaongeza mwendo pamoja nao. Sasa umebakiza mvamizi mmoja, anapita kama mshale, noti zinagonga haraka mpaka huwezi kuzitenganisha, vidole vimeanza kutoa jasho, na hakuna mtu aliyekuambia uogope. Noti nne tu zimekufanyia hivyo. Kuna muvi za kutisha zina kwaya na ngoma na makelele ya kila aina na hazijawahi kunifikisha hapo.

Koji Kondo, mtunzi wa Nintendo, alivyokaa kutunga mziki wa Mario alikua na chaneli tano tu za sauti kwenye ile konsoli ya Nintendo, mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu ambayo mara nyingi ndo inabeba besi, moja ya mchakacho kwa ajili ya ngoma, na moja ya vipande vidogo vya sauti iliyorekodiwa. Na hizo chaneli anagawana na milio ya gemu. Ukisikiliza kwa makini utagundua Mario akiruka kuna sauti moja ya mziki inakatika kidogo kupisha mlio wa kuruka, halafu inarudi. Yaani mziki wenyewe unampisha mchezaji! Muda ukibaki mia moja kwenye saa ya gemu unasikia kengele ya tahadhari na mziki mzima unakimbia, huna haja ya kuangalia juu kwenye kioo, sikio limeshakuambia harakisha. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza ule wimbo kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, ukawa mziki wa kwanza wa gemu kuingia humo, na mi nasema walichelewa sana.

Kitu kingine ambacho watu wanakipita haraka ni hili la kurudia. Muvi unaiangalia mara moja, ukiipenda mara tatu. Gemu unakufa sehemu moja mpaka unataka kutupa pedi, na kila ukifufuka mziki unaanza tena uleule, na kama ni wa kukera utauzima, hakuna namna. Kwahiyo mtunzi wa gemu za zamani alikua anatunga akijua kabisa huyu mtu atausikia huu wimbo mpaka umwingie kwenye mifupa, lazima uwe na melodi ya kweli, lazima mwisho wake urudi kwenye mwanzo bila mtu kushtuka, lazima usichoshe. Hakuna pa kujificha. Ukiwa na sauti nne tano huwezi kufunika udhaifu kwa kumwaga tarumbeta sitini na mwangwi juu yake, melodi ikiwa mbovu kila mtu anaisikia ilivyo mbovu.

Sasa muvi zimefikaje huku? Sio kwamba vipaji vimekufa. Ni namna kazi inavyopangwa. Picha zikishapigwa, mhariri anaanza kuzikata na kuzipanga, na ili dairekta na wakubwa wa studio waone kama inaeleweka anachomeka mziki wa muda, mziki wa muvi nyingine iliyofanya vizuri. Dairekta anaishi na ule mziki kwa miezi, anauzoea, anaupenda, mwisho mtunzi anaitwa dakika za lala salama anaambiwa tunataka kitu kama hiki. Afanye nini sasa? Anatunga kitu kinachofanana na kile, ambacho nacho labda kilikua kinafanana na kingine kabla yake, na muvi itakayofuata inaazima hichohicho. Ndo maana ukifumba macho muvi nne tofauti zinasikika kama moja. Tatizo lenyewe la zamani, Alex North alitunga mziki mzima wa 2001: A Space Odyssey ya 1968, Stanley Kubrick akaamua kubaki na mziki wa klasiki aliokua ameuweka kwa muda, na North akaja kugundua kazi yake imetupwa alipokaa kuangalia muvi. Pale angalau Kubrick aliishia na kitu cha ajabu. Wengi wa leo wanaishia na uji usio na sukari.

Na ukitaka ushahidi kwamba shida ni mpangilio, angalia muvi ambazo mziki wake umebaki. Ennio Morricone alitunga mziki wa Once Upon a Time in the West kabla kamera haijawaka, Sergio Leone akawa anaupiga palepale wanapoigiza, waigizaji wanatembea wakiusikia, na inaonekana kabisa, ule mwendo wao wa taratibu una mdundo ndani yake. Interstellar ya 2014, Christopher Nolan alimpa Hans Zimmer ukurasa mmoja tu wenye habari ya mzazi na mtoto wake, hakumwambia kuna anga wala vyombo vya angani, Zimmer akatunga kutoka kwenye ule uchungu wa mzazi, na baadae ndo kikaja kile kinanda kikubwa cha kanisani ambacho mi mpaka leo kikianza nyama za mwili zinasisimka. Black Panther ya 2018, mtunzi Ludwig Göransson alienda Senegal akazunguka na mwanamuziki wa huko Baaba Maal, akarudi na ngoma ya kuongea ikawa ndo sauti ya steringi T'Challa na filimbi ya Kifulani ikawa ya adui yake Killmonger, kwahiyo kabla hujamuona mtu kwenye kioo sikio linajua nani anakuja. Akapata Oscar na alistahili. Hawa wote mtunzi aliingia mapema au alipewa kitu cha kubeba.

Halafu Psycho, siwezi kuiruka. Dairekta Alfred Hitchcock alitaka ile sehemu ya bafuni, dada anapochomwa kisu akiwa anaoga, isiwe na mziki kabisa, maji tu na kelele za yule dada. Mtunzi wake Bernard Herrmann akatunga tu hata hivyo, vayolini na wenzake tu, hakuna ngoma hakuna tarumbeta, Hitchcock akasikia akabadili mawazo. Kile ni kitu ambacho gemu hazikiwezi, nakubali, kile cha vayolini kulipuka sekunde ileile ambayo picha inaitaka, maana kwenye gemu mtunzi hajui mchezaji ataingia bafuni saa ngapi, labda atasimama mlangoni dakika kumi anakagua ukuta.

Lakini hapo hapo kwenye kutojua ndo pametoa vitu vikubwa zaidi. Shadow of the Colossus ya 2005, mziki wa Kow Otani. Una farasi, una upanga, una nchi kubwa tupu, na majitu 16 ya kuua ili msichana mmoja afufuke. Ukiwa njiani karibu hakuna mziki, ni kwato tu na upepo, unaweza kuzunguka muda mrefu kabisa unatafuta njia na masikio yako yamebaki na kwato. Halafu unalikuta jitu, mziki unaingia ukiwa na hofu, chini chini, kwa sababu we ni mdogo na lile ni mlima unaotembea. Ukifanikiwa kulishika manyoya na kuanza kupanda, mziki unabadilika, unakua wa ushindi, tarumbeta juu, unajisikia shujaa kwelikweli. Unalichoma kichwani. Na lile jitu likianza kuanguka, pale ambapo kila gemu nyingine ingekupigia vigelegele, Otani anakuwekea wimbo wa msiba. Wa msiba kabisa. Lile jitu linaanguka taratibu na mziki unaomboleza na we umesimama pale na upanga wako, na lile halikua limekukosea kitu, we ndo ulilifuata nyumbani kwake. Hakuna maneno, hakuna mtu anakuja kukueleza. Mziki ndo unakuambia angalia ulichofanya, na unakuambia wewe, kwa sababu kitufe ulibonyeza wewe. Muvi inaweza kunifanya nimhurumie anayeua. Kunifanya nijisikie vibaya kwa mkono wangu mwenyewe haiwezi, na hii kwangu ndo tofauti kubwa kuliko zote.

Mtunzi Nobuo Uematsu naye kwenye gemu ya Final Fantasy VII ya 1997. Kama hujaicheza na unataka kuicheza ruka hadi aya inayofuata. Gemu nzima umefundishwa kitu kimoja, ukiingia vitani mziki unabadilika, ule wa sehemu uliyopo unakatika na wa vita unalipuka, imetokea mara nyingi mpaka hujiulizi. Aerith, msichana mliyekua mnasafiri naye, anapouawa na adui mkuu Sephiroth, wimbo wa Aerith unaanza, piano ya taratibu, na sekunde chache baadae bosi, yaani adui mkubwa wa sehemu hiyo, anatokea mbele yako, lazima upigane. Na mziki wa vita hauji. Wimbo wa Aerith unaendelea palepale juu ya vita, unachagua silaha unarusha uchawi unapigwa unapona na ule wimbo wa maombolezo unaendelea juu ya namba za uhai unaopungua. Unapigana huku unalia, wengi tulilia, sioni aibu kusema. Hakuna teknolojia yoyote pale, ni uamuzi tu wa kutobadilisha wimbo, ila uamuzi huo una nguvu kwa sababu gemu ilitumia masaa na masaa kukuzoesha kinyume chake.

Kwa upande wa ufundi nitasema kidogo tu maana wengine inawachosha. Kampuni ya LucasArts mwaka 1991 kwenye gemu ya Monkey Island 2 walikua na mfumo wao wa kuendesha mziki ulioitwa iMUSE, Michael Land na Peter McConnell waliutengeneza, unatoka nyumba moja unaingia nyingine na wimbo unaendelea uleule ila ala zimebadilika bila kukatika. Miaka karibu ishirini baadae gemu ya Red Dead Redemption ikarekodi vipande vyake vya mziki kwa kasi moja ya mapigo 130 kwa dakika na ufunguo mmoja wa A ndogo (A minor), kwahiyo chochote kinaweza kuwekwa juu ya chochote, ukipanda farasi besi inaingia, ukifyatuliana risasi ngoma zinaingia, na kila mchezaji anaishia na mziki wake ambao hakuna mwingine ameusikia kwa mpangilio uleule. Wakati huohuo kuna muvi zinaogopa hata sekunde kumi za ukimya.

Na Baba Yetu jamani. Civilization IV ilitoka 2005, ni gemu ya kujenga dola kuanzia zama za mawe mpaka vyombo vya angani, ukiiwasha tu kabla hujabonyeza chochote unaona dunia inazunguka na kwaya inaimba sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, mtunzi Christopher Tin. Watu wa kila lugha wameimba ile sala wakiwa wamekaa mbele ya kompyuta zao, kwaya za dunia nzima zinaiimba mpaka leo. Mwaka 2011 ikapata Grammy, wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Na tafadhali angalia ulikaa wapi, kwenye menyu! Menyu ni pale ambapo watu wanabonyeza haraka wapite. Tin akapafanya watu wakae wasibonyeze. Wimbo unaanza na sauti moja, wengine wanajibu, ngoma zinaingia, kwaya inapanuka, na unapokuja kubonyeza hatimaye uanze kujenga kijiji chako cha kwanza tayari umeshaambiwa kazi unayoianza ni kubwa kiasi gani. Kwangu ndo mziki bora wa ufunguzi kuliko wa gemu yoyote, na ukinipangia na muvi pia sitaki kubishana sana.

Kuna aina nyingine ya mziki kwenye gemu, ule wa kuazima, nyimbo za redio. Gemu ya GTA (Grand Theft Auto): Vice City ya 2002 imewekwa mwaka 1986 na ukiingia kwenye gari redio inakuambia mwaka huo kuliko majengo yote yanavyoweza. Hiyo nayo ni kazi na naiheshimu sana. Tatizo ni kwamba kilichoazimwa kina mwenyewe. Mwaka 2018 GTA IV ilifikisha miaka kumi, leseni za nyimbo zikaisha, zikaondolewa kwenye sasisho, stesheni ya Kirusi ya Vladivostok FM ndo iliumia hasa, mtu alinunua gemu yake kwa hela yake halali na siku moja anawasha gari redio sio ile. Gemu ya Alan Wake ndo kabisa, 2017 iliondolewa yote sokoni kwa sababu ya leseni za mziki ikaja kurudi 2018. Wimbo wa Kondo haumtegemei mtu wa nje. Ndo maana muvi ya Mario ya 2023 iliniudhi, muvi iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, ina melodi ambazo ulimwengu mzima unazijua, Brian Tyler alizipanga vizuri mno na okestra pale alipoachiwa nafasi, halafu wanafika kwenye ufalme wa Kong wanapiga Take On Me. Wimbo mzuri sana, naupenda, ila pale unafanya nini? Wanafika kwenye mazoezi, wimbo mwingine wa miaka ya 80. Hiyo ni tabia ya muvi ile ile, kuweka kitu watu wanachokijua tayari ili wasijisikie wageni, kwenye muvi ambayo ilikua na mziki wake wa kujulikana kuliko zote.

Mtunzi Gustavo Santaolalla anaonyesha njia tofauti. Huyu alichukua Oscar mbili mfululizo kwa Brokeback Mountain na Babel, angeweza kubaki kwenye muvi maisha yake yote, akaenda kutunga mziki wa gemu ya The Last of Us ya 2013, gitaa moja, nafasi kubwa kati ya noti na noti, na walipoigeuza kuwa tamthilia 2023 wakamchukua yeye yeye na wimbo wake uleule. Hawakutafuta kitu kikubwa zaidi. Grammy nazo kuanzia 2023 zina kipengele cha mziki wa gemu peke yake, Stephanie Economou akawa wa kwanza kukichukua kwa kazi yake kwenye Assassin's Creed Valhalla.

Wasiwasi wangu uko hapahapa lakini. Gemu kubwa kubwa zimeanza kutamani kuwa muvi, na zinaanza kuchukua mpaka ugonjwa. Unafungua gemu ya hela nyingi unakutana na okestra inavuma tu nyuma, kwaya inaimba aaah, ngoma zinapigwa kila ukimuona adui, na baada ya masaa arobaini huwezi kuimba hata noti tatu. Ni mziki wa kuonyesha kwamba hela imetumika. Wakati huohuo mtu mmoja, Toby Fox, anatoa Undertale 2015, katunga mwenyewe karibu kila kitu, na nyimbo zake mashabiki wanazipiga mpaka leo kwa piano, kwa gitaa, kwa chochote walichonacho.

Kwahiyo mi siku hizi nina namna yangu ya kupima. Nikipata gemu mpya naicheza kwanza kama ilivyo, halafu naingia kwenye mipangilio nashusha mziki mpaka sifuri nabakisha milio mingine yote, narudia sehemu ileile. Kama nimechelewa kukimbia, kama nimepotea njia, kama bosi kawa mtu wa kawaida tu, basi mtunzi alifanya kazi na naenda kutafuta albamu yake niisikilize. Kama hakuna kilichobadilika naacha palepale kwenye sifuri naweka mziki wangu. Fanya hivyo kwa gemu unayocheza wiki hii halafu uniambie ilikuaje.